Salo ya Mama na Mpunga wa Mama Zaina

Mpunga uliolowa una harufu yake, na anayeijua hawezi kuichanganya na nyingine. Siku ya kwanza hunuka kama mkeka ulioachwa nje. Siku ya pili huchacha kidogo, kama pombe changa. Siku ya tatu ukiingiza mkono katikati ya rundo unakuta joto, na hapo ujue umechelewa. Juzi nilipita sokoni hapa Kasongo karibu na gunia moja lililonyeshewa njiani juu ya pikipiki, na kabla sijaliona nilikuwa nimekwisha kusimama. Mwenye gunia alidhani nataka kununua, akaanza kunisifia mali yake. Maskini, hakujua kwamba mteja wake kwa mawazo alikuwa amerudi kwao Kabambare, ana miaka tisa, ameegemea mlango kwa mgongo na anajisifu moyoni.

Ngoja niwaeleze kwanza kuhusu mama, la sivyo hamtanielewa.

Mama alipenda nyumba ipendeze. Sizungumzii usafi, usafi kila mama pale kwetu alikuwa nao, na kila ua ulifagiwa asubuhi na mapema. Mama alipenda kupamba. Kila kiangazi kilipoanza, wanawake walipokandika upya kuta za nyumba zao, yeye alianza wiki moja kabla yao na kumaliza wiki mbili baada yao. Udongo mweupe aliufuata mwenyewe bondeni, kwenye kijito, mahali ambapo hakupenda kuwaonyesha wenzake. Mwekundu aliuchimba kwenye kichuguu. Mweusi aliupata kwa kusaga makaa. Ule mweupe aliuchanganya na uji mwembamba wa muhogo ili usichubuke na kuwapaka watu migongoni, na hiyo ilikuwa siri yake ambayo mtaa mzima uliijua. Kisha kwa vidole vitatu alichora ukutani mistari ya kupindapinda kama ya mkeka, kutoka mlangoni hadi dirishani, bila kuinua mkono, midomo ameikaza, na ole wako umsemeshe.

Ndani ndiko alikojimaliza kabisa. Sebule, ambayo kwetu tunaiita salo, ilikuwa na viti vinne vya mbao, na kila kiti kilivaa kitambaa cheupe alichokidarizi kwa mkono wake: maua, njiwa, na jogoo mmoja aliyefanana sana na bata, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Chupa tupu zilijazwa maji ya rangi na kupangwa dirishani zishike jua. Redio ya baba ilikuwa na nguo mbili, ya siku za kazi na ya Jumapili, wakati mimi nilikuwa na moja tu ya kwenda kanisani. Baba mwenyewe, mwalimu aliyeogopwa na darasa zima, alipotaka kusikiliza habari alibisha hodi kwenye salo yake. Alikuwa anatania, lakini alibisha.

Mimi sikuwa mtoto wa kulalamikia mambo hayo. Nilikuwa mwanafunzi wake. Nilijua kukunja kitambaa pembe nne zikutane, nilijua ni chupa ipi ikae kando ya ipi, na wageni walipokuja nilisimama karibu na pazia nisikie wakisema, "Mama Vumilia, kwako kunapendeza!" Vumilia ni dada yangu mkubwa, Yaya Vumilia, na mama aliitwa kwa jina lake. Waliposema hivyo nilihisi wananisifu mimi.

Rafiki mkubwa wa mama alikuwa Mama Zaina, jirani wa ua wa pili. Yeye Mwislamu, sisi Wakristo. Idi tulikula kwao, Krismasi walikula kwetu. Walikuwa marafiki wa kuitana kwa kukohoa: mmoja akikohoa kule, mwingine anajua chumvi imekwisha. Mume wa Mama Zaina alikuwa machimboni upande wa Lusangi, na alikuwa mtu wa kurudi akitaka, kwa hiyo shamba la mpunga alilima yeye, akapalilia yeye, akavuna yeye. Ua wake ulikuwa mdogo tena una kivuli. Wetu ulikuwa mpana na unapata jua tangu asubuhi, basi kila mavuno alileta mikeka yake na kuanika kwetu bila kuomba ruhusa. Alipochoka aliketi kizingitini na kumtazama mama akihangaika na udongo wake.

Kiangazi kile mama alihangaika kupita kawaida, maana wakwe walikuwa wanakuja. Kijana mmoja kutoka upande wa Wamaza alikuwa amempenda Yaya Vumilia, na ndugu zake walikuwa wametuma habari kwamba watafika kuzungumza. Mama aliandaa salo kama vile ni yeye anayechumbiwa. Kuta alizikandika upya zote. Sakafu aliisiliba kwa udongo wa kichuguu uliochekechwa, akaisugua kwa jiwe la mtoni mpaka ikang'aa.

"Mama Vumilia," akasema Mama Zaina, "ni binti unaozesha ao ni nyumba?"

"Vyote mbili," mama akajibu bila kuinua kichwa, na Mama Zaina akacheka mpaka akashika tumbo.

Siku moja kabla ya wageni, sakafu ilikuwa bado mbichi kwa ndani. Ukikanyaga, kisigino kinaacha alama. Vyumba vyetu vyote vilifungukia salo, kwa hiyo mama alikuwa ametoa mikeka yetu akaiweka jikoni, nje, ili tulale huko mpaka sakafu ikauke. Baba alikuwa amekwenda kumchukua kaka yake. Mama na Yaya walikwenda kutafuta samaki na mafuta. Kabla ya kuondoka mama alifunga mlango kwa kufuli, akautia ufunguo kwenye kamba na kunivisha shingoni.

"Mutu asikanyage mule ndani mpaka kesho," akasema. "Hata akuwe nani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Sijawahi tena kupewa cheo kilichonipendeza kama kile. Niliketi kizingitini na ufunguo wangu. Mbele yangu ua wote ulikuwa wa manjano kwa mpunga wa Mama Zaina, mikeka sita, na yeye mwenyewe akipita kati yake na kuugeuza kwa miguu, akiburuza nyayo polepole, jinsi wanavyofanya watu wanaojua kazi hiyo. Mkeka mmoja aliutenga pembeni. Ule ulikuwa wa mbegu. Alikuwa ameuchagua suke kwa suke.

Mvua tulidhani imekwisha. Kila mtu alidhani hivyo, ndiyo maana Mama Zaina alikuwa ameezua paa lake akisubiri nyasi mpya. Lakini mawingu yalitoka nyuma ya kilima bila hodi, upepo ukaja na harufu ya vumbi lililolowa, na matone ya kwanza yakaanguka makubwa, moja hapa, moja pale. Mama Zaina alitupa macho juu, kisha kwenye nyumba yake isiyo na paa, kisha kwangu. Alikunja mkeka wa kwanza akaubeba kifuani mbio mpaka jikoni kwetu, ambako mikeka yetu na kuni zilikuwa zimejaza tayari, akausokomeza kwa nguvu. Wa pili haukuingia.

"Fungua mulango, mwanangu! Mupunga unaloa!"

"Mama alikataza," nikasema.

"Mama yako angekuwa hapa angefungua."

"Alisema hata akuwe nani."

Maji yalikuwa yanamchuruzika usoni. Beseni alilibeba kichwani, limejaa mpunga, na mkono mmoja ameuweka kwenye kufuli. Nawaambieni, yule mama alikuwa na nguvu za kuangusha mti. Angeweza kunisogeza kwa kidole, kuikata ile kamba shingoni na kuingia. Hakunigusa. Kwetu mtu havunji mlango wa mwanamke mwenzake, hata akiwa na haki. Aliniangalia tu, muda mrefu kuliko mvua ilivyoruhusu, kisha akageuka.

Alirundika mpunga wote chini ya upenu, pale palipo na nafasi ndogo kati ya ukuta na matone, akavua kitenge chake na kuufunika. Kitenge kimoja hakiwezi kufunika mikeka mitano. Maji ya uani yalikuja kwa chini, mekundu, yakapita katikati ya rundo kama yametengenezewa njia. Yeye akachutama hapo na gauni lake la ndani, mikono ameizungusha kuuzuia mpunga usichukuliwe, na hakuniomba tena. Nami niliegemea mlango kwa mgongo. Niliogopa kidogo, sitaki kudanganya. Lakini juu ya ile hofu nilikuwa na fahari kubwa. Niliwaza jinsi mama atakavyorudi akute sakafu yake haina doa.

Mama na Yaya walirudi mvua ikiwa inapungua, samaki amefungwa kwenye majani juu ya kichwa cha mama. Kabla hajautua mzigo nilimkimbilia.

"Hakuna mutu aliingia, mama! Hata mumoja!"

Mama alitabasamu, ninakumbuka vizuri kwamba alianza kutabasamu. Kisha akamwona Mama Zaina chini ya upenu. Akauona mpunga. Akaniangalia mimi, akaangalia mlango, akamwangalia tena Mama Zaina aliyekuwa anatetemeka kwa baridi, na uso wake ukabadilika namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Nilingoja kofi. Kofi lingekuwa jepesi zaidi. Alinivua kamba shingoni taratibu, kama anavyovuliwa mtoto aliyelala, akafungua kufuli, na akaingia kwenye salo yake kwa miguu yenye matope mpaka vifundoni.

Alama zilibaki sakafuni, kubwa, moja baada ya nyingine. Nililia. Nililia kwa ajili ya sakafu, na hilo linaniudhi hadi leo.

Alivua vitambaa vyote vinne kwenye viti, pamoja na yule jogoo, akavitandika chini. Akachukua mashuka, nguo za meza, mpaka pazia. Kisha akatoka nje na kusimama mbele ya Mama Zaina.

"Dada yangu, unisamehe," akasema. "Ni miye nilisema mutu asiingie."

Mama Zaina aliinuka pale alipochutama. Alikamua maji kwenye kilemba chake.

"Mutoto alifanya vile alitumwa," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa kavu. "Lete beseni. Tutaongea kisha."

Mpaka jua linazama walibeba mpunga wao wawili na Yaya, nami nikibeba kibakuli ambacho hakuna aliyeniomba nibebe. Mama aliwasha mbabula, lile jiko la makaa, katikati ya salo ili hewa ipate joto. Moshi ulipanda kwenye ule ukuta mweupe wa uji wa muhogo ukauchora upya kwa mtindo wake wenyewe. Mama aliutazama mara moja tu.

Asubuhi wakwe walifika. Walikuwa wanne: mjomba wa kijana, shangazi yake, na ndugu wawili wa kiume, wametapakaa matope ya njia ya Wamaza kutoka viatuni hadi mabegani. Uani palikuwa bwawa. Baba, aliyekuwa amerudi na kaka yake akakuta nyumba imekuwa ghala, alitembea mlangoni huku na huku kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Yaya Vumilia alijificha jikoni akilia kwamba watasema yeye ametoka kwa watu wasio na adabu, na uchumba utakufa hapohapo. Mimi nilimwamini kabisa. Nilihesabu kwamba kwa siku moja nimeharibu mpunga wa jirani, sakafu ya mama na ndoa ya dada.

Mama alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa vizuri, nywele zimesukwa upya. Ninapojiuliza leo ujasiri ni nini, ninamwona pale.

"Karibuni," akasema. "Muvue viatu. Salo iko na mupunga wa jirani yangu, uliloa jana. Viti viko mule, lakini miguu mutaiweka ndani ya mupunga. Sina namna ingine."

Shangazi wa kijana, mama mnene mwenye macho ya kuchunguza, aliinama akaokota punje chache, akazinusa, akaivunja moja kwa jino. Kisha akavua viatu, akaomba maji, akanawa miguu, akaingia. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa uchi bila kitambaa chake, akazamisha nyayo, akaanza kuugeuza mpunga, polepole, kushoto na kulia.

"Kama haugeuzwe utapata moto ndani," akawaambia wenzake waliokuwa wangali mlangoni. "Munaangalia nini?"

Wakaingia wote. Mjomba, mzee mrefu mwenye koti, alikunja suruali yake mpaka magotini na kuketi kwa heshima zote.

"Kumbe tulikuja kuomba muke ao kutafuta kazi?" akauliza, na baba yangu akacheka kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba.

Hivyo ndivyo dada yangu alivyochumbiwa. Mambo mazito ya koo mbili yalizungumzwa watu wakichezesha vidole vya miguu, na kila mazungumzo yalipokwama ulisikia tu ule mlio wa punje, shaa, shaa, mpaka mtu apate la kusema. Mama Zaina alikuja katikati, akajaribu kurudi, shangazi wa kijana akamvuta mkono akamketisha kando yake. Mpaka samaki analetwa, wote walikuwa wanabishana kuhusu mbegu, na Yaya alikuwa ameacha kulia ili asikose kusikia.

Ningependa kumalizia hapo, lakini haikuishia hapo. Mpunga wa kula uliokoka karibu wote. Wa mbegu, ule uliochaguliwa suke kwa suke, ndio uliokuwa chini ya rundo, na ulichipua. Mama alimgawia Mama Zaina mbegu zetu nusu kwa nusu, na kwa kuwa zetu hazikutosha tena, msimu ule shamba letu upande mmoja lilikuwa la muhogo. Mama Zaina alizipokea, akashukuru. Lakini mavuno yaliyofuata alianika mpunga wake kwa jirani mwingine. Mama hakulizungumzia. Alifagia tu ua wetu kila asubuhi, mpana, mtupu, na alikohoa mara nyingi kuliko kifua chake kilivyohitaji. Ulipita mwaka mzima ndipo siku moja tukaamka tukakuta mikeka miwili imetandikwa uani kwetu bila ruhusa. Mama aliingia ndani akajifanya anatafuta kitu, na alikitafuta muda mrefu.

Salo ilikandikwa tena, ikapendeza tena. Nami leo, hapa Kasongo, nina salo yangu, na msidhani nimetubu. Nina vitambaa, nina mapazia ya rangi mbili, nina ukuta mmoja nilioupaka mwenyewe mara tatu mpaka ukanikubali. Napenda mtu aingie kwangu avute pumzi. Wanaosema uzuri ni upuuzi hawakumwona mama yangu akichora kwa vidole vitatu.

Ila kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile, mbele ya Mama Zaina, mama alijitwisha kosa langu ili kunikinga. Aliniagiza kulinda sakafu, basi. Nani angeweza kuniagiza niache mpunga wa mtu uozee mvuani? Kosa lilikuwa langu na mama alikuwa na huruma. Nililibeba hivyo, na lilinifaa, maana lilinifanya nimpende zaidi.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana nilikuwa ndani natundika pazia, na binti yangu wa miaka saba alikuwa anacheza mlangoni. Nikasikia jirani yetu anabisha, mwanamke kijana mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, alitaka kuketi kidogo kivulini kabla ya kuendelea na njia ya hospitali. Na nikasikia sauti ndogo, yenye adabu, yenye fahari yote ya dunia, ikimjibu: "Mama amepanga salo. Ungojee kule inje."

Mimi sikuwa nimemwagiza neno. Si siku ile, si siku nyingine yoyote. Alikuwa ameniona tu, miaka saba, nikivuta kitambaa kila mtu alipoinuka, nikifuta kiti kabla mgeni hajafika getini. Nilishuka kutoka kwenye kigoda nikakimbilia mlangoni na pazia mkononi. Nilimpokea yule mtoto, nikamshika mama yake mkono, nikawaingiza na viatu vyao.

"Unisamehe," nikamwambia. "Ni miye nilisema mutu asiingie."

Binti yangu aliniangalia kwa mshangao, maana alijua kabisa kwamba sikusema.